Kutoka askari wa plastiki hadi Labubu: Fundi wa wanasesere anayeanzia nyumbani anapataje jina na haki yake?

Mwezi Juni mwaka 2025, katika ukumbi wa mnada mjini Beijing, China, mwanasesere mmoja aliuzwa kwa yuani milioni 1.08. Wakati huo hizo zilikuwa takriban dola 150,000 za Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni 19 za Kenya au zaidi ya shilingi milioni 380 za Tanzania. Mwanasesere huyo anaitwa Labubu. Ana masikio marefu kama ya sungura, meno yaliyochongoka na tabasamu la utundu. Huyo wa mnadani alikuwa na urefu wa sentimita 131, kimo cha mtoto wa darasa la tatu hivi.

Wapo waliocheka waliposikia habari hiyo, na wapo walioshangaa kwamba kuna mtu mwenye fedha za kuchezea kiasi hicho. Sisi tumeona kuna swali jingine lenye manufaa zaidi kwa msikilizaji wetu: nani huwabuni wanasesere wa namna hii, na yeye anapata nini? Ukilifuatilia swali hilo kwa kurudi nyuma, unafika kwenye vyumba vya watu wa kawaida waliokesha na kisu kidogo, gundi na brashi, wakibadilisha wanasesere wa dukani kwa kujifurahisha tu.

Katika makala haya tunaeleza kazi hiyo ilivyoanza, kwa nini mmoja wao alipata jina duniani, fedha zilikuja vipi baada ya jina, na nini fundi wa kijijini anayetengeneza sanamu au vitu vya kuchezea anapaswa kujua kabla ya kukubali bei ya mnunuzi.

Jina lililobuniwa ili wavulana wakubali

Mwaka 1964 kampuni ya Hasbro ya Marekani ilileta sokoni askari wa plastiki mwenye urefu wa karibu sentimita 30. Viungo vyake vilikunjika: shingo, mabega, viwiko, magoti. Nguo zake zilivuliwa na kuvalishwa, na silaha zake zilishikika mkononi. Aliitwa GI Joe.

Tatizo lilikuwa moja. Wakati huo mwanasesere alihesabiwa kuwa kitu cha wasichana. Barbie wa kampuni ya Mattel alikuwa ameshakaa sokoni tangu mwaka 1959, na wazazi wengi wasingemnunulia mvulana kitu kinachoitwa mwanasesere. Basi Hasbro ikabuni jina jipya ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulisema "sanamu ya vitendo". Jina hilo likashika. Tangu wakati huo sanamu yoyote ndogo ya shujaa, askari au mhusika wa filamu yenye viungo vinavyokunjika huitwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 zikaja sanamu ndogo zaidi za filamu ya Star Wars, zenye urefu usiofika sentimita 10, na watoto wengi wa Marekani na Ulaya wakakua nazo.

Kuna jambo moja katika historia ya GI Joe ambalo tunaomba msikilizaji alishike, kwa sababu tutalirudia. Wazo la askari huyo lilipelekwa Hasbro na Stan Weston, mtu aliyekuwa akifanya kazi ya kuuza leseni za wahusika. Alilipwa dola 100,000 kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1964 hizo zilikuwa fedha nyingi sana. Lakini GI Joe ameendelea kuuzwa, kuchorwa katuni na kutengenezewa filamu kwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 2003, mfano wa kwanza kabisa wa askari huyo, uliochongwa na kushonewa nguo kwa mkono, uliuzwa mnadani kwa dola 200,000. Yaani sanamu moja ya majaribio ilipata bei maradufu ya ile iliyolipwa kwa wazo zima.

Kazi yenyewe inafanywaje?

Watoto waliocheza na sanamu hizo walikua. Baadhi yao hawakuziacha. Walianza kuzibadilisha: huyu anataka shujaa ambaye kiwanda hakijamtoa, yule anataka sanamu ya mwimbaji anayempenda, mwingine anataka sanamu yenye sura ya baba yake. Kwa kuwa duka halikuwa nazo, walizitengeneza wenyewe.

Kazi huanza kwa kuchagua mwili. Fundi hununua sanamu ya kawaida, mara nyingi iliyotumika na ya bei nafuu, yenye kimo na viungo anavyotaka. Anaitenganisha vipande vipande. Kichwa cha huyu kinaweza kwenda kwenye mwili wa yule, mikono ikatoka kwa wa tatu. Rangi ya kiwandani hukwanguliwa au kufutwa kwa dawa.

Kisha huja uchongaji. Mafundi wengi hutumia ule udongo wa sehemu mbili unaokandwa pamoja na kukauka ukawa mgumu kama jiwe, wa aina ile ile ambayo mafundi bomba huitumia kuziba mabomba yanayovuja. Kwa udongo huo wanaongeza nywele, ndevu, mikunjo ya nguo, pua pana au taya nyembamba. Zana ni sindano, kijiti cha kuchokolea meno, kisu chembamba na msasa laini.

Baada ya hapo ni rangi, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, kwa brashi yenye nywele chache. Jicho la sanamu ya sentimita 30 ni dogo kuliko punje ya mchele. Mkono ukitetemeka kidogo, sura yote inaharibika na fundi anaanza upya. Mwisho kabisa hupakwa vanishi ili rangi isibanduke kila kiungo kinapokunjwa.

Sanamu moja inaweza kuchukua majuma kadhaa. Anayeifanya mara nyingi ana kazi nyingine ya kumlisha. Majirani huona mtu mzima anacheza na midoli. Hapo ndipo swali la kutambuliwa linapoanza: mtu wa namna hiyo anatokaje chumbani kwake?

Michael Lau na vijana 99 wa Hong Kong

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Michael Lau, aliyezaliwa Hong Kong mwaka 1970. Alisomea usanifu na alikuwa mchoraji. Pia alikuwa mpenzi wa GI Joe.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, bendi moja ya vijana wa Hong Kong iitwayo Anodize ilihitaji picha ya jalada la albamu yake. Badala ya kuwachora wanamuziki hao, Lau alichukua wanasesere wa askari, akawabadilisha vichwa na mavazi, akawafanya wafanane na wanabendi. Kazi ile ilimfungulia njia.

Mwaka 1998 alianza kuchora katuni iitwayo Gardener katika jarida la vijana la Hong Kong, East Touch. Wahusika wake hawakuwa askari wala mashujaa wa angani. Walikuwa vijana wa mtaani: wanaoteleza kwa ubao wa magurudumu, wanaosikiliza hip-hop, wenye suruali pana, hereni na michoro mwilini. Kisha akawatoa kwenye karatasi na kuwafanya sanamu. Alitumia miili ya kimo kile kile cha GI Joe, lakini vichwa, mikono na viatu alivichonga mwenyewe, na nguo zilikuwa za kitambaa halisi.

Mwaka 1999 alifanya maonyesho katika Kituo cha Sanaa cha Hong Kong. Aliweka sanamu 99, kila moja na sura yake, mavazi yake na jina lake. Maonyesho hayo ndiyo yaliyobadilisha mambo. Baadaye alialikwa kuonyesha nje ya Hong Kong, kampuni kubwa zikataka kufanya kazi naye, na waandishi wa sanaa wakamwita baba wa wanasesere wa kisanii, yaani wale wanaotengenezwa kwa idadi ndogo na kununuliwa na watu wazima kama wanavyonunua michoro. Mwaka 2018 nyumba ya mnada ya Christie's, inayojulikana kwa kuuza michoro ya mabingwa wa Ulaya, ilimfanyia maonyesho huko huko Hong Kong.

Kwa nini yeye?

Wakati Lau anaanza, walikuwapo mamia ya watu duniani waliojua kuchonga na kupaka rangi sanamu za namna hiyo, wengine pengine kwa ustadi uleule. Tunaona sababu tatu zilizomtofautisha.

Ya kwanza, aliacha wahusika wa watu wengine. Fundi anayetengeneza shujaa wa filamu vizuri sana husifiwa kwa kusema "amefanana kabisa". Sifa hiyo, ukiitazama, inakwenda kwa mwenye shujaa. Lau aliazima mbinu na kimo cha GI Joe, lakini watu aliowatengeneza walikuwa wa mtaani kwake. Aliyetaka kuwaona hakuwa na pa kwenda ila kwake.

Ya pili, hakuonyesha sanamu moja. Sanamu moja nzuri ni ajabu ya siku moja. Watu huipiga picha, husambaza, husahau. Sanamu 99 zilizosimama pamoja ni mtaa mzima. Mtazamaji anaelewa kwamba hapa kuna mtu mwenye mawazo yake, na kwamba kesho ataleta mengine.

Ya tatu ni mahali. Kwa miaka mingi Hong Kong ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa vitu vya kuchezea duniani. Watoto wa Marekani na Ulaya walisoma jina la Hong Kong chini ya nyayo za wanasesere wao. Lakini wahusika wenyewe walibuniwa ng'ambo. Hong Kong ilitoa mikono. Katika miaka ya 1980 viwanda vingi vikahamia China bara palipokuwa na mishahara midogo. Kilichobaki mjini kilikuwa ujuzi, vifaa, na watu wanaojua plastiki. Lau alipojitokeza, mji uliozoea kutengeneza wanasesere wa wengine ulimwona mtu wake anatengeneza wanasesere wenye sura ya mji wenyewe. Sababu hiyo ya tatu fundi hawezi kuipanga. Mbili za kwanza zimo mikononi mwake.

Labubu: jina linapogeuka fedha

Sasa turudi kwa Labubu. Mwenye kumbuni ni Kasing Lung, mzaliwa wa Hong Kong aliyekulia Uholanzi. Yeye hakuanza kwa kubadilisha wanasesere. Alianza kwa kuchora vitabu vya watoto. Mwaka 2015 alitoa hadithi za picha kuhusu viumbe wa ajabu, akiwa amevutiwa na ngano za nchi za kaskazini mwa Ulaya. Labubu alikuwa mmoja wa viumbe hao. Mwanzoni sanamu zake zilitengenezwa kwa idadi ndogo na kampuni ndogo ya Hong Kong, zikinunuliwa na watu wa soko lile lile ambalo Lau na wenzake walikuwa wamelifungua.

Mwaka 2019 Lung alitia saini makubaliano ya leseni na kampuni ya China, Pop Mart. Kampuni hiyo huuza wanasesere ndani ya boksi lililofungwa. Mnunuzi hajui atampata yupi mpaka afungue, na wapo wachache ambao ni adimu. Ni biashara yenye ladha ya bahati nasibu, na wazazi wana haki ya kuiangalia kwa jicho hilo. Mwezi Aprili mwaka 2024, mwimbaji Lisa wa kundi la Blackpink alionekana akiwa na Labubu, na mahitaji yakalipuka.

Takwimu za kampuni yenyewe zinaonyesha ukubwa wa jambo hili. Mwaka 2024 mapato ya Pop Mart yalikuwa yuani bilioni 13.04. Kati ya hizo, bilioni 3.04 zilitokana na Labubu na wenzake. Katika miezi sita ya kwanza ya mwaka 2025, viumbe hao peke yao walileta yuani bilioni 4.81 kati ya bilioni 13.88, yaani zaidi ya theluthi moja ya mapato yote.

Hapa ndipo tunapomkumbuka Stan Weston na dola zake 100,000. Kuuza moja kwa moja ni njia moja: unapokea fedha leo, na kesho kitu kikipanda thamani si chako tena. Leseni ni njia nyingine: mhusika anabaki wa mbunifu, kampuni inapewa ruhusa ya kumtengeneza na kumuuza kwa masharti na muda waliokubaliana, na mbunifu kwa kawaida hulipwa mrabaha, yaani sehemu ya kila mauzo. Njia ya kwanza si ya kijinga. Mtu mwenye mtoto mgonjwa au deni la ada anaweza kuihitaji leo. Lakini ni vizuri ajue anauza nini.

Mashine imeingia

Kuna jambo jipya linalowasumbua mafundi hawa. Mwaka 2022 Hasbro ilitangaza huduma ya kumtengenezea mteja sanamu yenye sura yake mwenyewe. Mteja alipiga picha za uso wake kwa simu, mashine ya kuchapa maumbo ikakitoa kichwa, kikaunganishwa na mwili wa GI Joe au shujaa mwingine. Bei ilikuwa takriban dola 60. Kwa miaka mingi kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwapa mafundi wa nyumbani vijisenti.

Mwezi Aprili mwaka 2025 huenda na wewe uliona kwenye simu yako picha za watu walioonekana kama wanasesere ndani ya pakiti ya dukani, pamoja na vitu vyao: kompyuta, kikombe, mpira. Zilikuwa picha tu, zilizotolewa na programu za akili mnemba kwa sekunde chache. Baadhi ya wachoraji waliingia katika mtindo huo kwa kujichora kwa mkono, ili kuonyesha tofauti.

Tunavyoona sisi, mashine imechukua kwanza ile kazi ya "amefanana kabisa". Kunakili sura iliyopo ni jambo ambalo kompyuta inalifanya haraka na kwa bei ndogo. Mtaa wa Lau wenye vijana 99 haukuwa na picha ya kunakili kabla yeye hajaufikiria. Kwa hiyo fundi anayetegemea kufananisha peke yake ana sababu ya kuwa na wasiwasi, na yule mwenye watu wake mwenyewe ana nafasi kubwa zaidi, ingawa naye hana uhakika.

Sheria inakata wapi?

Labubu alipopata umaarufu, bandia zake zilijaa masokoni duniani, zikapewa hata jina la utani, Lafufu. Mwezi Agosti mwaka 2025 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani iliwaonya wazazi kwamba bandia hizo zinaweza kukatika vipande vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto. Onyo hilo linafaa kila mahali: mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe mwanasesere mwenye sehemu ndogo zinazobanduka. Na fundi anayetengeneza vitu vya watoto ahakikishe rangi anayotumia haina madini ya risasi.

Bandia ni wizi ulio wazi. Lakini fundi wa nyumbani yuko upande gani? Sheria hutofautiana nchi na nchi, ila kwa jumla tofauti ni hii. Kununua sanamu moja, kuibadilisha na kuiweka nyumbani kwako, kwa kawaida hakuna atakayekufuata. Kutengeneza kalibu kutokana na sanamu ya kampuni na kumwaga nakala za kuuza ni kuvunja hakimiliki. Katikati kuna eneo lenye utata: kumchonga upya mhusika wa filamu na kumuuza. Mikono ni yako, lakini mhusika ni wa mtu. Kampuni nyingi hunyamaza kazi ikiwa ndogo. Kunyamaza kwao si ruhusa, na siku jina lako litakapokua ndiyo siku watakayokuona.

Jambo hili si la Hong Kong peke yake. Katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki utamkuta kijana anayetengeneza mabasi na malori madogo ya mbao, mabati au waya, yenye taa, milango inayofunguka na rangi za kampuni halisi ya usafiri. Picha zake husambaa kwenye simu na watu humsifu. Lakini jina na nembo vilivyo ubavuni mwa basi lile ni mali ya kampuni. Akiyauza kwa wingi, anaweza kuulizwa.

Kwa fundi wa kwetu

Eneo letu lina historia ya kutosha kuhusu jina na haki. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaja Dar es Salaam, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye mbao za masonite kwa rangi za mafuta za dukani. Alifariki mwaka 1972. Leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na wachoraji wengi wanaishi kwa mtindo huo. Hakuna sheria waliyovunja, kwa sababu hakimiliki hailindi mtindo wala wazo. Inalinda kazi yenyewe: picha hii, sanamu hii, katuni hii. Fundi anayesema "wameniibia wazo" mara nyingi hana kesi. Anayesema "wamenakili sanamu yangu hii, na huu ni ushahidi kwamba niliitengeneza kabla yao" anasikilizwa.

George Lilanga naye aliajiriwa kuwa mlinzi katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam. Alikuwa na asili ya wachongaji wa Kimakonde, na viumbe wake wenye masikio makubwa walionekana kwa kuwa alikuwa mahali ambapo watu wa sanaa walipita. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington, Marekani. Kuwa mahali pa kuonekana kulimsaidia, kama kulivyomsaidia Lau.

Kutokana na hayo, haya ndiyo mambo ambayo fundi anaweza kuyafanya bila gharama kubwa.

Kwanza, piga picha kila kazi, tangu ikiwa waya mtupu hadi inapokamilika, na usizifute. Picha zenye tarehe ni ushahidi. Nchini Kenya na Tanzania hakimiliki huanza pale kazi inapotengenezwa, bila kulazimika kuisajili, na hudumu maisha yote ya mwenye kazi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo kuisajili kunarahisisha mambo ukifika kwenye mgogoro. Ofisi zinazohusika ni KECOBO kwa Kenya, COSOTA kwa Tanzania Bara na COSOZA kwa Zanzibar.

Pili, weka jina au alama yako kwenye kila kazi, mahali pasipofutika. Ukianza biashara kwa jina hilo, linaweza kusajiliwa kuwa alama ya biashara: BRELA kwa Tanzania Bara, BPRA kwa Zanzibar, KIPI kwa Kenya.

Tatu, tofautisha kuuza kitu na kuuza haki. Mtu akinunua sanamu yako, amenunua sanamu. Hajanunua ruhusa ya kutoa nakala elfu moja. Uhamisho wa hakimiliki unapaswa kuwa kwa maandishi, kwa hiyo usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi usiyoielewa. Mpe mwalimu au mtu unayemwamini akusomee. Maneno ya kutafuta ni "haki zote" na "milele". Na ujue kwamba kazi uliyoagizwa na mteja, au uliyoifanya ukiwa mwajiriwa, ina kanuni tofauti. Hakimiliki inaweza kuangukia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine kabla.

Nne, usionyeshe moja. Tengeneza kumi zinazokwenda pamoja: watu wa gulio lenu, wavuvi wa pwani yenu, mama wa kisimani, dereva wa bodaboda na abiria wake watatu. Hao hakuna kampuni yenye hati yao.

Kuna watoto wengi wanaoanza na ng'ombe wa udongo, wanasesere wa magunzi na magari ya waya, kisha wanaambiwa waache mchezo wakafanye kazi. Wengi wao huacha, na pengine ni sawa, kwa sababu shamba nalo linadai mikono. Hatusemi kila mmoja wao atakuwa Michael Lau. Lakini yule ambaye hakuacha, na siku moja akafikiwa na mgeni mwenye gari na fedha taslimu akisema "nakupa laki moja, niachie na mifano yako yote", anahitaji kujua kwamba lile ni ombi la vitu viwili. Sanamu zina bei yake. Mifano na haki ya kuzirudia zina bei nyingine, na hiyo haipangwi ukiwa umesimama mlangoni.